Aina Kumi na Tisa za Lubisi

Tabora, 24 Novemba 1973

Mvua ya kwanza ilipiga mabati jana alasiri, dakika kumi tu, ikaenda zake. Nimefungua daftari hili kwa sababu lile la ofisi lina safu za tarakimu peke yake, wala hakuna mahali pa kuandika kwamba mtu amechoka au amefurahi.

Nimefurahi. Mimi Hilali bin Ghalibu, msaidizi wa maabara katika ofisi ya maji, miaka arobaini na sita, nimepewa safari yangu mwenyewe. Nitafuata njia ya zamani ya misafara kwenda magharibi, kupita Urambo, Kaliua na Usinge, nipige chujio katika kila dimbwi, kisima na lambo, niandike ni vidudu gani vya jamii ya kamba na kaa vinaishi humo. Vidogo hivyo, vingine havifiki punje ya ulezi. Serikali inataka kupandikiza perege, na perege huvila, basi lazima ijulikane viko wapi. Mkuu wangu, Bwana Masele, anasema orodha itapigwa chapa iwe kijitabu, na jina langu litakuwa juu.

Nilimwambia mke wangu Salme. Akasema, "Babu yako alipita njia hiyo na pembe za ndovu. Wewe unapita na chujio la chai."

27 Novemba

Mwezi uliopita nilichota vumbi kwenye alama za magurudumu karibu na stesheni, mahali palipokuwa pakavu tangu Mei. Juzi nililimwaga kwenye chupa ya maji ya mvua. Leo chupa imejaa uhai. Mayai yalikuwa humo vumbini, makavu kama unga, yakingoja. Vidudu vyenyewe ni vyeupe, havina gamba, vinaogelea vimelala chali, miguu juu. Kitabu kina jina la Kilatini lisilotamkika. Mimi nimeviita chali.

Nilimwita Salme aone. Aliinamia chupa kwa muda mrefu, kisha akauliza kama nitaiondoa mezani kabla ya chakula.

3 Desemba, Kaliua

Treni imechelewa saa nne. Baiskeli yangu imepinda ringi.

5 Desemba, Ipwaga

Kitongoji hiki kina nyumba kumi na nne, mwendo wa nusu siku kutoka reli ya Usinge. Nimepata mahali kwa Mzee Bernardo, mkulima na mrina asali, na mkewe Eustadia. Ni Wakatoliki. Mama Eustadia alinionyesha sufuria nyeusi pembeni: "Hii yako, Bwana. Haijapikiwa nguruwe tangu inunuliwe. Nyingine usiniulize." Nikamwambia mimi si mtu wa kuuliza. Akacheka mpaka akakaa chini.

Wanaongea Kinyamwezi wao kwa wao na Kiswahili kwangu. Ugali, mlenda, na asubuhi matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Nimekula sana.

9 Desemba

Mvua tangu alfajiri. Madimbwi matatu, aina nane, tisa, saba.

14 Desemba

Mama Eustadia amenipa jina: Bwana Chujio. Sasa kitongoji kizima kinaniita hivyo, hata mchungaji wa Moravian aliyepita na pikipiki. Nimejifanya nimekasirika.

Kila jioni nawaonyesha nilichopata kwa kioo cha kukuza. Wapo jicho-moja, wanaoruka majini kama wameshtuliwa. Hao wako kila mahali, visimani, mitoni, hata kwenye mtungi wa nyumba. Wapo viroboto wa maji, wanaobeba watoto mgongoni. Wapo wale wenye maganda mawili, nimewaita kunde. Na wapo chali, ambao siwapati kila mahali. Kwenye alama za magurudumu, ndiyo. Kwenye madimbwi ya mbugani, ndiyo. Kwenye lambo la reli, hata mmoja hayupo.

Mzee Bernardo alisikiliza yote, kisha akasema, "Kwenye lambo kuna samaki." Basi. Mwalimu wangu wa zamani alihitaji somo zima kueleza jambo hilo: penye maji ya kudumu pana samaki, na chali hana gamba wala mbio, ataliwa. Ndiyo maana anaishi katika maji yanayokufa tu.

22 Desemba

Uyoga umetoka. Wanawake wote wako porini. Sina mtu wa kunicheka.

28 Desemba

Nimepima kisima chao. Wanakiita Kisima cha Wapagazi. Kiko maili mbili kutoka hapa, kati ya majabali, ndipo misafara ilipokuwa ikipiga kambi. Mtu akipita bila kuonyeshwa hatakiona. Maji yana rangi ya chai, yana kambale wadogo, na chujio langu limetoa aina sita tu, nyingi zikiwa jicho-moja. Nimerudi nimenuna. Mama Eustadia akasema, "Kimekunyima? Sisi hakijatunyima hata mwaka wa njaa."

12 Januari 1974

Sijui nianzie wapi. Leo Mzee Bernardo alikwenda kukagua mizinga yake na akanichukua mpaka Lubisi, maili tisa kaskazini, kando ya barabara mpya ya malori. Nimeona madimbwi mengi. Hili ni kitu kingine. Limetanda kama uwanja wa ndege, maji kiunoni, mayungiyungi yamefunguka, korongo wamesimama. Nilipiga chujio mara ya kwanza, likatoka zito. Chali wa aina tatu, mmoja ana mkia mwekundu. Kunde wa aina tano. Wenye gamba kama chaza. Mwingine mwenye ngao mgongoni, mkubwa kama kidole gumba, ambaye nilikuwa nimemwona kitabuni tu. Nimehesabu mpaka jua likanigeukia: aina kumi na tisa. Kumi na tisa! Hakuna maji mengine njiani yaliyofika hata kumi na mbili. Nilipiga kelele peke yangu majini kama mwehu.

Mzee Bernardo alikuwa amekaa juu ya gogo akisafisha panga. Akasema, "Njoo mwezi wa saba, Bwana. Utapita katikati na viatu vyako na vumbi litakufika magotini." Nikamwambia najua, mzee, hao chali ndio wanaosema hivyo. Tukacheka wote wawili.

20 Januari, Tabora

Nimemaliza orodha, kurasa nne. Bwana Masele aliagiza niipange kwa maili, kuanzia Tabora kwenda magharibi. Lakini ukiipanga kwa maili Lubisi inaangukia nafasi ya ishirini na tatu, katikati ya ukurasa wa tatu, hakuna atakayeiona. Nimeipanga kwa wingi wa aina. Nambari moja: Lubisi, 19. Nambari thelathini na moja, ya mwisho kabisa: Kisima cha Wapagazi, 6.

Kuna safu inayoitwa "Kina cha maji kiangazi." Nimeiacha tupu kote. Sikuwapo kiangazi, na maneno ya mrina asali si kipimo.

23 Januari

Orodha imepigwa taipu nakala tano. Jina langu liko juu, herufi kubwa. Salme amelisoma mara mbili na hakusema lolote la kejeli. Bwana Masele amepeleka nakala mkoani na wilayani bila kuuliza habari za mpangilio.

9 Februari, Ipwaga

Nimerudi kupima mara ya pili na nimekuta watu hawana raha. Mzee Bernardo aliitikia shikamoo yangu, akarudi kwenye kazi yake. Mama Eustadia ndiye aliyesema. Operesheni ya vijiji imefika kwao. Ipwaga na vitongoji vingine vitatu vitahamishwa baada ya mavuno, viwekwe pamoja katika kijiji kimoja cha ujamaa. Watapata shule na zahanati. Hayo hawayapingi, mama amezaa sita na kuzika wawili, anajua thamani ya zahanati. Lakini vigingi vimepigwa Lubisi.

Nikasema haiwezekani. Mzee akasema ameviona kwa macho yake, vimepakwa rangi nyeupe, mistari minane kando ya dimbwi. Amekwenda na wenzake kumwambia katibu wa operesheni kwamba pale pakavu kiangazi. Wakajibiwa kila kitongoji kinasema hivyo, kila kitongoji kina kisingizio chake. Kisha wakaonyeshwa karatasi.

"Karatasi gani?" nikauliza.

"Yako," akasema. "Lubisi ya kwanza. Kisima chetu cha mwisho."

10 Februari

Sikulala vizuri. Mtu gani anasoma orodha ya vidudu akadhani ni orodha ya maji mazuri? Lakini nimeitazama nakala yangu tena. Ukurasa wa kwanza umeandikwa "Maji ya Njia ya Misafara," kisha nambari moja, mbili, tatu. Mtu mwenye haraka angesoma nini kingine?

11 Februari, Kaliua

Nimemwona katibu wa operesheni. Anaitwa Justus, kijana wa miaka ishirini na saba hivi, amechoka, kola ya shati imechanika. Nilikuwa nimejiandaa kumkuta mtu mbaya. Alinipa kiti chake, yeye akakaa juu ya gunia la mbegu.

Nilimweleza. Chali, mayai ya vumbini, samaki, yote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Bwana Hilali," akasema, "hii safu ya kina cha kiangazi, kama ulijua, kwa nini uliiacha tupu?"

Nikasema sikuwa na kipimo.

"Na kwa nini Lubisi ni ya kwanza?"

Nikasema ni kwa wingi wa aina. Sikusema ni kwa ajili ya jina langu.

Akafikiri. "Nina familia mia mbili na kumi za kuweka mahali, na tarehe niliyopewa. Wananchi wakisema maji yatakauka, wakubwa wangu wanasema ni ukaidi. Wewe ukisema kwa mdomo, watasema nimehongwa. Niletee barua yenye muhuri wa ofisi yako. Siku nitakayoipata nitang'oa vile vigingi kwa mikono yangu."

Sikutegemea iwe rahisi hivyo. Kesho nakamata treni.

14 Februari, Tabora

Haikuwa rahisi.

Bwana Masele aliisoma barua niliyoandika, akaiweka mezani, akafunga mlango. Si mtu mkali. Tumefanya kazi pamoja miaka kumi na moja.

"Unataka ofisi hii iseme ilikosea, na operesheni isimame kwa ajili ya vidudu."

"Kwa ajili ya watu, Bwana."

"Jina lako nani?"

Nikashangaa. "Hilali bin Ghalibu."

"Basi," akasema. "Likifika mkoani jina hilo chini ya barua inayopinga vijiji, nani atasoma habari za vidudu? Watauliza nyumba ya baba yako ilitaifishwa mwaka gani."

Ilikuwa sabini na moja. Anajua vizuri. Akaitia barua kwenye mtoto wa meza, akasema ataangalia wakati mzuri.

Nimemweleza Salme. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. "Watoto watatu wako shuleni," akasema. Kisha baadaye sana, "Lakini hao wazee wako watakunywa nini?"

20 Februari

Wakati mzuri haujafika.

1 Machi

Mvua kubwa, ng'ombe amesombwa Urambo. Nimejiambia labda mwaka huu Lubisi haitakauka.

7 Machi

Nimemuuliza Bwana Masele. Amesema nisimuulize tena.

Ningeweza kuandika barua yangu mwenyewe, bila muhuri, na kumpelekea Justus. Nimeianza mara mbili. Kila nikifika mahali pa kutia sahihi namsikia mtu akisema, huyu Mwarabu anataka nini na vijiji vyetu? Nimezaliwa hapa, baba yangu na babu yangu wamezikwa hapa. Ninaogopa, na nimeandika neno hilo hapa kwa sababu hakuna pengine ninapoweza kuliandika.

16 Machi, karibu na Usinge

Nitaandika yote, nisije nikayapamba baadaye.

Mkutano wa hadhara ulikuwa leo saa nne, uwanja wa shule. Mimi nilikuwa njiani na chujio langu, sikualikwa, lakini Justus aliniona nimesimama nyuma na baiskeli akanitumia mtu. Alinipeleka mezani, akanikalisha kando ya mwenyekiti wa mkutano. Aliniuliza polepole, "Ile barua?" Nikasema bado inashughulikiwa. Akaitikia kwa kichwa na kuvuta karatasi zake.

Watu walikuwa wengi, labda mia sita, wanawake upande wao na watoto mgongoni. Mama Eustadia alikuwa mbele. Alinipungia mkono akasema kwa sauti, "Bwana Chujio, leo umepanda cheo!" Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Justus alihutubia vizuri. Shule, zahanati, barabara, trekta. Akasema maji yamepimwa na mtaalamu, na mtaalamu mwenyewe yuko hapa. Akauliza kama kuna swali.

Mzee Bernardo akasimama. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Alivua kofia, akaikunja, akasema:

"Ndugu katibu, nina swali moja, lakini si kwako. Ni kwa mgeni wangu. Huyu bwana amelala nyumbani kwangu, amekula kwangu, na nimempeleka Lubisi kwa miguu yangu. Yeye ndiye anayejua maji. Bwana Hilali, nakuuliza mbele ya hawa wote. Mwezi wa saba, Lubisi itakuwa na maji?"

Nilisimama. Mwenyekiti alinitazama, na kulikuwa na bwana mwingine wa mkoani mwenye miwani, aliyekuwa anaandika, naye akaacha kuandika akanitazama. Justus alinitazama kuliko wote. Nadhani alikuwa anataka niseme. Neno lilikuwa moja tu. Hapana. Mtoto angelisema.

Nikasema, "Mzee wangu, nimepima maji thelathini na moja katika njia hii. Lubisi nimehesabu aina kumi na tisa za viumbe. Hakuna maji mengine yenye viumbe wengi kiasi hicho."

Kila neno la hayo ni kweli. Bwana mwenye miwani akarudi kwenye kuandika. Mtu wa mbele akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata. Justus aliinamisha kichwa.

Mzee Bernardo alibaki amesimama kidogo, kama mtu anayengoja chenji. Kisha akasema, "Ahsante, nimesikia," akakunjua kofia yake, akakaa.

Sikulala kwao leo. Nimelala stesheni, nikisingizia treni.

17 Machi

Sina la kuandika.

5 Aprili, Tabora

Maulidi. Nimekaa kwenye mkeka na wenzangu, udi umefukizwa, nimeitikia kila mahali pa kuitikia. Salme ananitazama siku hizi kama mtu anayesikiliza hatua nje ya nyumba.

14 Aprili

Leo ni Pasaka yao. Mwaka jana nisingejua.

26 Aprili

Mvua ya mwisho, nadhani. Upepo umegeuka.

8 Mei, Lubisi

Wamehamishwa. Malori matano, siku tatu. Mapaa yaling'olewa kwanza ili mtu asirudi, karanga nyingine zikabaki ardhini. Nimefika na baiskeli nikakuta Mama Eustadia amekaa juu ya jiko lake la mawe, maana mawe nayo ameyabeba, akiwaambia vijana wa mgambo watahadhari na vyungu vyake. Aliponiona hakuniita Bwana Chujio. Alisema, "Karibu, Bwana Hilali," kwa adabu, kama anavyomkaribisha padri asiyemfahamu. Iliniuma kuliko matusi.

Dimbwi liko magotini. Wageni wa vitongoji vingine wanalisifu.

19 Mei

Chini ya goti. Chali wote majike wamebeba mayai, mifuko imejaa. Wameanza kufa na kuzama. Hivyo ndivyo wanavyofanya maji yakikaribia mwisho. Nimeweka kijiti chenye alama.

26 Mei

Vidole vinne chini ya alama. Ng'ombe wa vitongoji vyote wanaingia humo humo.

2 Juni

Kifundo cha mguu. Nimekwenda Kaliua kumwambia Justus. Amesema ameomba lori la maji mara tatu. Hakunilaumu. Nilitaka anilaumu.

9 Juni

Tope. Wanawake wanachimba mashimo kwa sahani na kusubiri yatoe maji, kila mmoja na shimo lake, tangu kabla ya jua. Wenye nguvu wanatembea maili tisa hadi Kisima cha Wapagazi na kurudi. Nimechota kikombe kwenye shimo la Mama Eustadia nikakitazama kwa kioo. Hakuna chali tena, hakuna kitu ila uchafu wa ng'ombe unaosogea. Nikamwambia, mama, haya msiyanywe bila kuyachemsha sana. Akasema, "Kuni ziko wapi, Bwana? Tumekata zote kujengea." Amekonda sana.

Nikampandishia madebe mawili kwenye baiskeli kutoka kisimani. Madebe mawili kwa familia mia mbili.

13 Juni, Tabora

Kuhara kumeingia Lubisi. Watoto wawili wamezikwa. Nimesikia stesheni, kutoka kwa mtu anayeuza kuku.

14 Juni

Nimeingia ofisini, nikafungua mtoto wa meza wa Bwana Masele mbele yake, nikachukua barua yangu ya Februari. Ilikuwa bado imekunjwa nilivyoikunja. Alisema, "Hilali, fikiri." Nikamwambia nimefikiri miezi minne.

15 Juni

Nimeandika orodha upya usiku kucha, mkono wangu, bila taipu. Safari hii nimeipanga kwa muda ambao maji yanakaa. Kila penye chali nimeandika: hukauka. Kila penye kambale nimeandika: hudumu. Kisima cha Wapagazi ni cha kwanza. Lubisi ni ya mwisho. Safu ya kiangazi nimeijaza yote, na pembeni nimeandika chanzo: Bernardo, mrina asali. Juu yake nimeweka barua inayosema kwamba nilijua tangu Januari, kwamba nilipotosha mpangilio kwa kutafuta sifa, na kwamba tarehe 16 Machi niliulizwa mbele ya watu nikakwepa. Nimetia sahihi jina langu lote, na la baba, na la babu.

Salme aliisoma. Alinifungia chapati kwenye kitambaa, akasema, "Panda treni ya asubuhi kabla hujabadilika."

17 Juni, Lubisi

Mama Eustadia amefariki leo alfajiri.

Nilifika saa tatu. Nilikuta wanawake nje wamefunga kanga viunoni, nikajua. Aliugua siku nne. Walikuwa wamempakia kwenye baiskeli kumpeleka zahanati ya Kaliua, wakarudi naye kutoka njiani. Mzee Bernardo alikuwa amekaa mlangoni, amevaa lile koti la kanisani. Nikasema pole, mzee. Akasema, "Tumeshapoa."

Hapakuwa na maji ya kumwosha. Vijana wawili walikuwa wametumwa kisimani, tukawangoja mpaka saa nane. Miaka yote nimepima maji kwa chupa na kijiko, na leo nimekaa kwenye kivuli cha kibanda nikingoja ndoo mbili, na kila aliyepita alijua mimi ni nani. Nilisaidia kuchimba. Udongo wa pale ulikuwa mweusi, umepasuka, na kila sepetu ilitoa vumbi lililojaa mayai.

18 Juni, Kaliua

Nimempa Justus barua na orodha. Aliisoma amesimama. Alipofika kwenye sahihi alinitazama.

"Haina muhuri, lakini ina sahihi yako. Unajua hii itafika mkoani."

"Ndiyo."

"Ungenipa hii Machi," akasema, akatoka nje. Aliporudi alikuwa amenawa uso. Akachukua ufunguo wa gari.

22 Juni

Ruhusa imetoka mkoani. Wa Ipwaga na wa jirani yao warudi Kisima cha Wapagazi, wajenge kijiji huko. Wengine wapelekwe karibu na lambo la reli. Justus ameng'oa vigingi kwa mikono yake kama alivyosema. Nilimwona.

25 Juni

Barua yangu ya kusimamishwa kazi imefika, ina muhuri mzuri. Kijitabu hakitapigwa chapa.

30 Juni, Kisima cha Wapagazi

Jumapili. Nimekuja na kamba na misumari nilivyonunua Tabora. Hakuna aliyenifukuza. Hakuna aliyenikaribisha pia, isipokuwa kwa salamu. Watu wanajenga. Kisimani kuna foleni ndefu, lakini maji yapo, na wanawake wanapiga soga wakingoja.

Mzee Bernardo alikuwa anafunga fito za nyumba, peke yake. Nikasema shikamoo, akaitikia marahaba. Nikashika upande wa pili wa fito bila kuambiwa. Tulifanya hivyo muda mrefu. Nilikuwa nimekuja na maneno niliyoyapanga kwenye treni, mazuri, yakaisha yote, nikabaki na moja.

"Mzee, siku ile ya mkutano uliniuliza."

"Nakumbuka."

"Nilikuwa najua jibu."

Alikaza fundo kwa meno, akakata kamba.

"Hata mimi nilikuwa nalijua," akasema. "Nimerina asali Lubisi tangu sijamwoa Eustadia. Hata mwenyewe alikuwa anajua, alikaa pale mbele anajua. Sikukuuliza ili nijue, Bwana Hilali. Nilikuuliza ili useme."

Akanyoosha mkono kutaka kamba nyingine. Nikampa. Tukaendelea na fito mpaka adhuhuri.